Hulka ya Mwenye Biashara na Maamuzi Yake: Mifano Kutoka Migori na Homa Bay

Biashara ndogo inapoanguka, lawama huelekezwa kwa uhaba wa mtaji, ubovu wa barabara au wingi wa kodi. Sababu hizo ni za kweli. Hata hivyo, wafanyabiashara wawili wenye mtaji sawa katika soko moja huweza kufikia hatima tofauti. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hulka ya mmiliki inavyoyaelekeza maamuzi yake, kwa kuangazia kaunti za Migori na Homa Bay.

Katika kampuni kubwa, uamuzi hupitia kwa bodi, mhasibu na mwanasheria. Katika duka la Rongo au Oyugis, mtu mmoja ndiye hao wote. Mwaka 1984, Hambrick na Mason walitoa hoja kwamba taasisi huakisi tabia na tajriba za viongozi wake. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa mashirika makubwa, sembuse kibanda chenye mwenyewe na msaidizi mmoja! Naye Herbert Simon, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1978, alionyesha kuwa binadamu hapimi njia zote zilizopo, bali huishia kwenye ile inayomridhisha. Ni hulka, pamoja na mazoea, inayochangia kuamua atakaporidhika.

Hulka ya kwanza ni uthubutu. Tumchukue mchuuzi wa omena huko Mbita. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi inapong'aa, mavuno hupungua na bei hupanda. Mthubutu hununua magunia mengi wakati wa giza, akitarajia faida baadaye. Lakini omena huanikwa juani, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, bidhaa huharibika, huenda ikauzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Mwoga naye hununua kidogo, hapati hasara kubwa, wala hakui. Wahenga waliliona hili walipotuachia methali mbili zinazopingana: haraka haraka haina baraka, na ngojangoja huumiza matumbo. Uthubutu si wema wala ubaya. Hutegemea umepimwa na nini.

Hulka ya pili ni utu na huruma. Huko Awendo, eneo la kilimo cha miwa, zao hilo huchukua zaidi ya mwaka mmoja kukomaa. Kwa hiyo mkulima hununua sukari, sabuni na unga kwa mkopo. Mwenye duka mwenye huruma humkopesha kila jirani na kila shemeji, mpaka rafu zinabaki tupu. Mwenye moyo mgumu hamkopeshi yeyote, na wateja humhama. Anayefaulu ni yule anayeweka kiwango cha mkopo kabla mteja hajafika mlangoni, kwani mbele ya uso wa ndugu ni vigumu kukataa.

Hulka ya tatu ni namna mtu anavyolitazama jaala lake. Mjini Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, thamani ya shilingi mbili hupanda na kushuka. Anayeamini kwamba yote ni bahati hupokea hasara kama mvua. Anayeamini kwamba juhudi zake zina nafasi huuliza bei ya ubadilishaji kila asubuhi, kisha hupanga bei zake upya. Lakini imani hiyo ikizidi, huzaa kiburi, na mwenye kiburi haulizi.

Aidha, si haki kuilaumu hulka peke yake. Katika baadhi ya fuo za ziwa, wanawake wachuuzi wamelazimishwa na desturi iitwayo jaboya, ambapo mvuvi hudai ngono ndipo auze samaki. Hapo anayekosa mtaji wa kujitegemea ana uchaguzi finyu, hata awe na ujasiri wa namna gani. Hulka hufanya kazi ndani ya mipaka ya hali.

Kwa kuhitimisha, hulka haibadiliki kwa semina ya siku moja, ila inaweza kuwekewa mizani. Mizani iliyo karibu zaidi ni daftari na mshauri asiyeogopa kusema la. Daftari humwonyesha mthubutu hasara zake, humkumbusha mwenye huruma madeni, na humwonyesha mwoga faida aliyoiacha ipite. Ndiyo maana Waswahili wakanena: mali bila daftari hupotea bila habari.