Kijana Aliyepona Saratani Anastahili Kujua Alitibiwa Nini

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 walio chini ya umri wa miaka 20 hupatwa na saratani. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya wanane katika kila kumi. Katika nchi nyingi za kipato cha chini hawafiki watatu. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo 2030 wanaopona wanafikia angalau asilimia 60. Hapa Tanzania watoto wanatibiwa Muhimbili, Bugando na KCMC, na waliopona, alhamdulillahi, wamo miongoni mwetu. Wamo madrasa na vyuoni, wamo madukani, na baadhi yao wamefikia umri wa kuposa na kuposwa.

Wiki hii tunazungumza na wazazi na walezi wa vijana hao. Zipo familia ambazo, baada ya mtoto kupona, huufunga ugonjwa ule kana kwamba haukupata kuwapo. Mtoto anakua akijua kwamba aliwahi kuumwa sana, basi. Hajui jina la ugonjwa wala la dawa.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka 6 analetwa Dar es Salaam kutoka kijijini, analazwa miezi kadhaa, anatibiwa na kupona. Aliyekaa naye wodini ni mama yake mdogo, na ndiye aliyezisikia habari zote za daktari. Miaka 15 baadaye mtoto huyo ni mke wa mtu, ana mimba ya kwanza, na anabanwa na pumzi kila apandapo ngazi. Mkunga anamuuliza kama amewahi kupata ugonjwa mkubwa. Anajibu, "Nilikuwa na uvimbe utotoni, nikapona." Jibu ni la kweli, lakini halimfikishi mkunga popote. Mimba yenyewe huweza kubana pumzi, hivyo ni rahisi kumwambia akapumzike. Laiti angeweza kusema kwamba alitibiwa kwa doksorubisini, mkunga angekuwa na sababu ya kumpeleka kwa daktari akapimwe moyo.

Dawa huondoka, athari huweza kubaki

Doksorubisini ni ile dawa nyekundu ambayo hubadilisha hata rangi ya mkojo baada ya dripu. Huua seli za saratani, lakini jumla yake ikiwa kubwa huweza kudhoofisha misuli ya moyo, na udhaifu huo huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Sisplatini huweza kupunguza usikivu na kudhuru figo. Siklofosfamidi imetumika kwa miaka mingi kutibu saratani ya Burkitt, ile ya taya na tumbo ambayo daktari Denis Burkitt wa Kampala aliieleza mwaka 1958. Kwa dozi kubwa, dawa hiyo huweza kupunguza uwezo wa kupata mtoto. Msichana aliyepigwa mionzi ya kifuani hushauriwa kuanza uchunguzi wa matiti akiwa na miaka 25, au miaka 8 baada ya mionzi, kwa kufuata lile linalokuja baadaye.

Yuko pia aliyeondolewa figo moja kwa sababu ya uvimbe wa Wilms. Huyu huweza kuishi vizuri kwa figo iliyobaki. Lakini siku akiumwa mgongo, duka la dawa la mtaani huenda likamuuzia diklofenaki bila kumuuliza lolote, na dawa za jamii hiyo huweza kuumiza figo. Atajihadhari vipi, ikiwa hajui kovu la tumboni mwake limetokana na nini?

Haya hayampati kila aliyetibiwa. Hutegemea aina ya dawa, kiasi chake, mahali mionzi ilipopita na umri wa mtoto wakati ule. Kwa sababu hiyo kijana hawezi kuongozwa na habari za mwenzake. Anahitaji habari zake mwenyewe.

Siri haimlindi mtoto

Tunajua kwamba wazazi huficha kwa mapenzi. Wanachelea mtoto asivunjike moyo, na zaidi wanachelea binti asije akakosa mchumba. Lakini saratani haiambukizi, na uwezo wa kuzaa ni jambo linaloweza kupimwa badala ya kukisiwa. Mchumba aliyeambiwa mapema ana nafasi ya kuuliza na kuelewa. Aliyefichwa akajua ndani ya ndoa huona amedanganywa, na hapo ugomvi haumalizwi na daktari.

Kuna pia siri inayomfikia mjukuu. Saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma huwa na aina ya kurithiwa. Kwa mwenye aina hiyo, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Ikijulikana, macho ya mtoto huchunguzwa tangu wiki za mwanzo za maisha yake. Isipojulikana, familia hukaa mpaka mboni ya jicho ionekane nyeupe, na pengine jicho lisiokolewe tena.

Sheria yetu inamtaka mlezi wa yatima amkabidhi mali yake anapobaleghe na kuonekana ana akili ya kuitunza. Hasifiwi kwa kuendelea kuikalia. Habari za mwili wa kijana nazo ni amana ya namna hiyo.

Namna ya kukabidhi

Yaombeni maelezo ya matibabu hospitali alikotibiwa, kisha yaandikeni kwenye karatasi moja: jina la ugonjwa na mwaka, hospitali na namba ya faili, majina ya dawa na jumla ya dozi zake, mahali mionzi ilipopigwa, upasuaji aliofanyiwa, na vipimo anavyopaswa kurudia. Nakala moja ikae kwenu, nyingine kwa kijana, na picha yake iwe katika simu.

Karatasi peke yake haitoshi. Tangu miaka 12 hivi, mwacheni mtoto amjibu daktari kwanza, mzazi aongezee. Mfundisheni kuuliza, "Dawa hii inafaa kwa mtu aliyetibiwa kama mimi?" Akipenda kufunga Ramadhani naye ana figo moja au anaendelea na dawa, aulize daktari kabla mwezi haujaandama. Akiletewa katika simu habari za dawa inayoponya saratani zote, ajiulize anayesema ni nani na anauza nini. Sigara na shisha azikatae, kwa kuwa moyo na mapafu yake huenda yamekwisha kubeba mzigo.

Katika nyumba nyingi karatasi za hospitali zimo sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa, zikingoja maji au panya. Zitoeni wiki hii mzisome pamoja na kijana. Mwiteni na yule aliyelala naye wodini, kwani anakumbuka mengi ambayo hayakuandikwa, naye hatakuwapo siku zote.