Gesi ipo chini, mbona haitoki?

Kila taarifa ya habari inapotaja kwamba Tanzania ina gesi asilia futi za ujazo trilioni 57, wasikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo huuliza: mbona haijatufikia? Sababu ni nyingi, zikiwemo umbali, fedha na soko. Leo tunaeleza moja isiyosemwa sana: mwamba wenyewe.

Gesi haikai ardhini kama maji kwenye pipa. Imo ndani ya vitundu vidogo vya mwamba. Chukua makopo mawili, yatoboe chini. Moja lijaze mchanga, jingine udongo wa mfinyanzi, kisha mimina maji. Kwenye mchanga yatapita. Kwenye mfinyanzi yatatuama juu. Mfinyanzi nao una vitundu, ila ni vidogo mno, maji hayapati njia.

Songo Songo, mkoani Lindi, gesi iligunduliwa mwaka 1974 kwenye mwamba wa mchanga. Huko ukichimba kisima, gesi hupanda kwa nguvu yake. Hata hivyo, ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, miaka 30 baadaye.

Mwamba uliobana ni kazi zaidi. Wataalamu husukuma maji, mchanga na kemikali kidogo kisimani kwa nguvu kubwa hadi mwamba upasuke. Nguvu ikipunguzwa, mchanga hubaki kwenye nyufa na kuzizuia zisijifunge, gesi ipate njia. Njia hii ilijaribiwa Marekani mwaka 1947, na leo hutumika huko kwa wingi.

Shida zake? Kisima kimoja huweza kumeza mamilioni ya lita za maji, na yanayorudi juu huwa na chumvi na uchafu, hayafai kumwagwa ovyo. Gesi nayo hutoka kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua haraka, hivyo inabidi kuchimba visima vingine. Gharama hupanda.

Kwa hiyo, ukisikia trilioni, uliza: ni gesi iliyopo, au inayoweza kutolewa? Hizo trilioni 57 ni makadirio ya iliyopo, nyingi ikiwa chini ya bahari kuu. Si yote itakayotoka.

Waliowahi kuchimba kisima cha maji huku kwetu wanatuelewa: kuambiwa maji yapo ni jambo moja, kujaza ndoo ni jingine.