Nyaraka za Itifaki za Mtandao katika Kiini cha Linux: Mtazamo kutoka Gikundamvura

Utangulizi

Gikundamvura ni sekta (umurenge) ya Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Ombi la huduma linalotumwa kwa simu kutoka huko hadi kwenye seva iliyoko Kigali kwa kawaida husafirishwa kwa itifaki ya TCP. Katika simu za Android na seva nyingi, itifaki hiyo hutekelezwa na kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Makala haya yanafafanua kwa nini waraka wa kiwango hautoshi bila maelezo ya namna kiini kinavyokitekeleza.

Kiwango na utekelezaji wake

TCP ilifafanuliwa mwaka 1981 katika waraka RFC 793, ambao nafasi yake ilichukuliwa na RFC 9293 mwaka 2022. Hata hivyo, msimbo haufuati nyaraka hizo neno kwa neno, na pengine huzitangulia. Kanuni ya kudhibiti msongamano iitwayo CUBIC ilifanywa chaguo-msingi la Linux mwaka 2006, ilhali waraka wake, RFC 8312, ulitolewa mwaka 2018. Vilevile, RFC 6298 inashauri muda wa kusubiri kabla ya kutuma pakiti upya usipungue sekunde 1. Linux huruhusu sekunde 0.2.

Mfano wa muda wa kusubiri

Tofauti hizo zina athari. Tuseme njia ya mawasiliano imekatika ghafla huku data ikiwa safarini, na kifaa hakijaarifiwa. Kiini hutuma upya, kisha huongeza muda wa kusubiri maradufu kila mara: sekunde 0.2, 0.4, 0.8, hadi ukomo wa sekunde 120. Kigezo tcp_retries2, ambacho thamani yake ya msingi ni 15, huamua lini kiini kikate tamaa. Faili la maelezo liitwalo ip-sysctl, linalosambazwa pamoja na msimbo, linaeleza kwamba thamani hiyo huzaa angalau sekunde 924.6, yaani zaidi ya dakika 15. Katika muda huo, programu isiyojiwekea kikomo chake haitajua kwamba muunganisho umekufa, na mwananchi atabaki akisubiri jibu. Aliyesoma maelezo hayo anaweza kuweka kikomo kifupi kwa chaguo la TCP_USER_TIMEOUT. Asiyeyasoma huenda akaulaumu mtandao peke yake.

Lugha ya nyaraka

Nyaraka za kiini zina tafsiri za Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania, Kiswahili hakimo. Si kwamba hakiwezi: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004. Nchini Rwanda, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017.

Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mikataba ya mifumo ya umma itaje vigezo vya kiini vilivyochaguliwa na sababu zake. Pili, vigezo hivyo vijaribiwe katika maeneo ya pembezoni kama Gikundamvura, si mijini pekee. Tatu, tafsiri ya Kiswahili ianze na ip-sysctl, kwa kuwa ndilo faili linalomwongoza moja kwa moja msimamizi wa seva.