Fahamu kwa nini programu mpya haioni taarifa zote za afya za saa janja

Mkazi wa Morogoro anayevaa saa janja kila anapopanda kutoka mjini kuelekea Morningside, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, hukusanya kumbukumbu ya mapigo ya moyo, hatua na usingizi. Hata hivyo, akipakua programu mpya ya afya, programu hiyo haitaiona kumbukumbu yote. Mbunifu asiyelizingatia jambo hilo anaweza kumpa mtumiaji majibu yenye kupotosha.

Katika simu za Android, taarifa za saa janja zinaweza kuhifadhiwa kwenye mfumo wa Health Connect. Kwa kawaida, mfumo huo huiruhusu programu kusoma taarifa za siku zisizozidi 30 kabla ya siku ilipopewa ruhusa kwa mara ya kwanza. Taarifa za nyuma zaidi huhitaji ruhusa ya pekee, ambayo mtumiaji ana hiari ya kuikataa. Programu ikifutwa, ruhusa zote hukoma. Ikirejeshwa na kuruhusiwa upya, siku 30 huhesabiwa kwa tarehe mpya.

Kwa upande wa Apple, saa yenyewe hubaki na taarifa za karibuni tu, na za zamani hutunzwa kwenye simu ya iPhone. Aidha, mtumiaji akizuia aina fulani ya taarifa isisomwe, programu haielezwi kuwa imezuiwa. Huona kana kwamba taarifa hizo hazipo.

Athari zake ni za kweli. Mtu aliyeacha kupanda mlima wakati wa mvua za masika, kisha akapakua programu mwezi Mei, ataonekana kama asiyefanya mazoezi kabisa. Vilevile, kukosekana kwa taarifa hakumaanishi kuwa moyo una afya njema.

Mipaka hiyo inaendana na sheria za nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia sheria hiyo, na wakusanyaji na wachakataji wa taarifa hutakiwa kujisajili kwake.

Kwa vijana wanaosomea teknolojia ya habari mkoani Morogoro, vikiwemo Vyuo Vikuu vya SUA na Mzumbe, wajibu ni kueleza sababu ya kuomba taarifa za zamani, kuonesha tarehe ambapo kumbukumbu inaanzia, na kuhakikisha programu inafanya kazi hata ruhusa ikikataliwa.

Mtumiaji naye anashauriwa kusoma maelezo ya ruhusa kabla ya kukubali, kutofuta programu kabla ya kuhifadhi kumbukumbu anazozihitaji, na kufika kituo cha afya anapohisi dalili zisizo za kawaida, kwa kuwa saa janja si mbadala wa vipimo vya daktari.