Shahada Moja, Vyuo Viwili: Kwa Nini Maneno Yapatane Kwanza

Wanafunzi wa teolojia tunaoishi nao jirani hapa Kasha wana swali wanalolirudia mara kwa mara: je, chuo kikuu cha Bukavu na chuo kikuu cha Kenya au Tanzania vinaweza kutoa pamoja shahada moja ya uzamili ya teolojia? Wengi hudhani kwamba hilo ni jambo la marekta, maaskofu na wachungaji peke yao. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, na nimekuwa nikiwasaidia baadhi yao kutafsiri vyeti na orodha za masomo. Katika kazi hiyo nimeona kwamba hatua ya kwanza inatuhusu sisi wa fakulte ya lugha.

Tuanze kwa kutenganisha mambo matatu ambayo huchanganywa. Kubadilishana wanafunzi ni pale mwanafunzi anapokwenda muhula mmoja chuo kingine, kisha anarudi kumalizia kwake. Shahada pacha ni pale anapopata vyeti viwili, kila chuo kikitoa chake. Shahada ya pamoja ni mpango mmoja wa masomo uliotungwa na vyuo vyote, wenye kanuni moja za mitihani, na mwishoni cheti kimoja chenye saini za pande zote. Hii ya tatu ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu kila neno lililo juu ya cheti hicho lazima likubalike katika sheria za nchi mbili.

Kwenye karatasi, mlango uko wazi. Mwaka 2017 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza kuwa nchi wanachama ni eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ndilo linalosimamia kazi hiyo. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Majirani wa kushirikiana nao hawakosekani. Chuo Kikuu cha St. Paul's cha Limuru kina mizizi yake Freretown, Mombasa, tangu mwaka 1903. Makumira, karibu na Arusha, ni chuo cha Walutheri. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kilianza Nairobi mwaka 1984. Upande wetu, teolojia inafundishwa katika Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika hapa Bukavu, na katika ULPGL ya Goma.

Ugumu unaanza pale unapofungua vyeti vyenyewe. Chukua neno la Kifaransa «licence». Katika mfumo wa zamani wa Kongo, mtu alisoma miaka mitatu akawa «gradué», kisha miaka miwili zaidi akawa «licencié»: jumla miaka mitano. Katika mfumo mpya wa LMD, «licence» ni miaka mitatu tu, na uzamili unafuata kwa miaka miwili. Kwa Wakatoliki, «licence» ya kikanisa ni ngazi ya pili, baada ya bakalorea na kabla ya udaktari, kama inavyoelezwa katika katiba ya kitume Veritatis gaudium ya mwaka 2017. Neno ni moja, maana ni tatu. Mtafsiri akiandika «shahada ya kwanza» kila anapoliona, mchungaji aliyesoma miaka mitano atapangwa pamoja na kijana aliyesoma mitatu, na atatakiwa kurudia masomo aliyokwisha kuyalipia.

«Diplôme» nalo ni mtego. Kwa Kifaransa ni cheti chochote, hata cha udaktari. Kenya na Tanzania, stashahada ni ngazi iliyo chini ya shahada. Na «thèse» kwetu ni kazi ya udaktari, ilhali wanaotumia Kiingereza huita «thesis» hata tasnifu ya uzamili, ambayo sisi tunaiita «mémoire».

Kisha kuna krediti. (Nimeshaona imetafsiriwa «mkopo», msomaji akadhani mwanafunzi anadaiwa pesa.) Katika LMD ya Kongo, uzamili ni krediti 120, na krediti moja ni saa 25 za kazi, darasani na nje ya darasa. Tanzania, uzamili ni krediti zisizopungua 180, lakini krediti moja ni saa 10. Anayelinganisha namba peke yake atasema Tanzania wanasoma zaidi. Azidishe: 120 mara 25 ni saa 3,000, 180 mara 10 ni saa 1,800. Kwa hiyo, katika mkataba wa shahada ya pamoja, kipimo kiwe saa za kazi ya mwanafunzi, na krediti za kila nchi ziandikwe kando yake.

Je, faida inastahili usumbufu wote huu? Naona ndiyo, na sababu yangu ni ya kiteolojia na ya kilugha pia. Padri Vincent Mulago, mwana wa Bushi, alichapisha mwaka 1965 kitabu chake Un visage africain du christianisme, akichunguza jinsi Bashi, Wanyarwanda na Warundi wanavyoelewa uhai kuwa kifungo kinachounganisha watu, wazee waliotangulia na Mungu. Mwaka 1969 Mkenya John Mbiti alitoa African Religions and Philosophy. Wawili hao walikuwa wakilima shamba moja, huyu kwa Kifaransa, yule kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa hapa anamjua Mulago kuliko Mbiti. Wa Limuru ni kinyume chake. Darasa la pamoja lingewasomesha wote wawili.

Darasa hilo lizungumze lugha gani? Mikataba ya namna hii kwa kawaida huchagua Kiingereza au Kifaransa, na upande mmoja huanza ukiwa nyuma. Mwaka 2021 viongozi wa Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Pendekezo langu ni la kiasi: usomaji ufanyike kwa Kifaransa na Kiingereza, majadiliano yafanyike kwa Kiswahili, na tasnifu iandikwe kwa lugha mojawapo kati ya hizo tatu. Maneno hayatapungua. Utatu, neema, ufunuo, ukombozi: makanisa yamekuwa yakiyatumia kwa vizazi. Kinachokosekana ni makubaliano, kwa mfano pale Mkatoliki anaposema Ekaristi na Mprotestanti anaposema Meza ya Bwana. Tofauti hiyo isifutwe na mtafsiri, kwa kuwa ndani yake mna mafundisho.

Safari nayo ni ya kufikiriwa. M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, uwanja wa Kavumu na benki zilifungwa, na kulipa karo ng'ambo ya mpaka kukawa kazi nzito. Mpango unaomlazimu kila mwanafunzi kukaa mwaka mzima nchi nyingine utawaacha nje wale hasa unaowalenga. Vipindi vifupi vya ana kwa ana, na walimu wanaosafiri badala ya wanafunzi, vinawezekana zaidi.

Kwetu wa fakulte ya lugha, kazi ipo tayari: faharasa ya maneno ya elimu ya juu kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, kila neno likiwa na idadi ya miaka, saa na ngazi linayomaanisha katika kila nchi. Kurasa ishirini zingetosha kuanzia. Zikiwepo mezani kabla ya mkataba kuandikwa, wanasheria na wanateolojia watabishana juu ya mambo yenyewe, na mwenye cheti cha Bukavu hatahitaji kueleza upya miaka aliyosoma.