Mark 4 ya Vipande: Je, Bunduki Kuukuu Yaweza Kuunganishwa na Kupigwa Tena?

Leo tuache kidogo habari za bandari na bei za samaki, twende bara mpaka Kanyangi. Kanyangi iko Kaunti ya Kitui, upande wa Mto Athi unaopakana na Makueni. Wengi wetu hatujafika huko, lakini maji yake twayajua. Mto Athi ukishuka huitwa Galana, na ukifika kwetu karibu na Malindi ndio huo Sabaki unaoingia baharini na kuyatia bahari rangi ya udongo kila msimu wa mvua.

Siku hizi vijana wanatazama video za wazungu wanaonunua vipande vya bunduki za vita vya zamani, wanaviunganisha karakanani, kisha kila Jumamosi wanakwenda kupiga shabaha. Halafu kijana anauliza: kama babu alikuwa askari wa KAR, na kuna chuma nyumbani kimefungwa kwa gunia, mbona na mimi nisitafute vipande vilivyobaki? Swali hili laweza kuulizwa Kanyangi, laweza kuulizwa Hola, na laweza kuulizwa hapa Mombasa. Jibu lake lina sehemu mbili, ya ufundi na ya sheria, na ukiipata moja ukaikosa nyingine waweza kupoteza jicho au uhuru wako.

Tuanze na bunduki yenyewe. Ile inayoitwa Mark 4 ni ya ukoo wa Lee-Enfield. Lee ni jina la James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kanada na kufanya kazi Marekani, ndiye aliyebuni mtambo wake. Enfield ni mahali kaskazini ya London palipokuwa na kiwanda cha silaha cha serikali. Jeshi la Uingereza liliikubali mwaka 1895, na kuanzia 1904 ikatoka ile fupi iliyopiganwa nayo Vita vya Kwanza vya Dunia. Mark 4 ni mjukuu wake. Ilipitishwa rasmi 1939 na kutengenezwa kwa wingi katika Vita vya Pili, Uingereza kwenyewe, Kanada na Marekani. Zote hula risasi ya .303, kama milimita 7.7 kwa upana, na magazini yake hubeba risasi 10. Kila baada ya kupiga, mpigaji huvuta bolti kwa mkono, ganda linatoka, risasi nyingine inaingia. Si bunduki ya kumwaga risasi, lakini mkono uliozoea una kasi. Kabla ya vita vya 1914 askari wa Uingereza alizoezwa kupiga risasi 15 kwa dakika moja na kulenga sawasawa.

Silaha hii ilifikaje kwa Wakamba? KAR iliundwa mwaka 1902, na Wakamba wakawa miongoni mwa watu walioandikishwa kwa wingi. Walikuwa mafundi wa upinde na mshale wa sumu tangu zamani, na misafara yao ya biashara ilishuka mpaka Mombasa kabla ya reli kufikiriwa. Watoto wa Ukambani walipigana Tanganyika katika vita vya kwanza, na katika vita vya pili wakapelekwa mpaka Burma, wakiwa na wenzao kutoka Pwani. Baada ya uhuru, bunduki za Mark 4 ziliendelea kuonekana mikononi mwa polisi wa akiba, wale KPR, hasa katika maeneo ya wafugaji.

Hapa pana jambo watu hulisahau. Askari wa KAR hakupewa bunduki iwe mali yake. Alipoachishwa kazi alirudi nyumbani na nishani, koti na hadithi. Bunduki ilibaki kambini. Kwa hivyo chuma kilicho kwenye gunia, hata kikiitwa cha babu, huenda hakikuwahi kuwa cha babu kisheria.

Sasa tuingie ufundi. Bunduki ya aina hii ina sehemu kuu chache: mtutu, bodi inayoshika mtutu kwa nyuma, bolti inayofunga, magazini, mtambo wa kifyatulio, na kitako cha mbao. Mtazamaji wa video huona ni kama kuunganisha baiskeli. Kwa sehemu kubwa ya mbao na skrubu, ni kweli. Kitako kilichopasuka hubadilishwa, magazini yenye kutu hubadilishwa. Lakini pale mahali pamoja ambapo mtutu, bodi na bolti hukutana, mambo ni mengine.

Risasi ikiwaka, baruti hugeuka moshi wenye nguvu ya maelfu ya pauni kwa kila inchi ya mraba. Nguvu hiyo husukuma mbele na nyuma kwa pamoja. Mbele inakwenda risasi. Nyuma inazuiwa na bolti tu, na nyuma ya bolti kuna uso wa mpigaji. Ikiwa nafasi kati ya bolti na kitako cha ganda ni kubwa kupita kiasi, ganda hunyooka na laweza kukatika, na moshi ule ukatafuta njia ya kutokea nyuma. Tofauti kati ya nafasi ndogo na nafasi kubwa inayoruhusiwa katika .303 ya kijeshi ni kama robo ya milimita. Hakuna jicho wala kidole kinachoweza kupima hapo. Fundi hutumia geji maalumu za chuma, na Mark 4 ilitengenezewa vichwa vya bolti vya urefu wa aina nne, kuanzia 0 mpaka 3, ili fundi wa jeshi achague kinachoiingia bunduki ile.

Ndiyo maana bolti hupigwa nambari ileile iliyo kwenye bodi. Wamelingana kama kufuli na ufunguo wake. Bolti ya bunduki nyingine yaweza kuingia vizuri, ikafunga, ikalia kwa sauti ileile tamu, na bado isiwe salama. Tena kuna bunduki zilizotolewa kazini zikabaki za gwaride na mafunzo tu. Hizo hupigwa herufi DP, na baadhi ya sehemu zake zilidhoofishwa makusudi au zilikwisha choka. Vipande vya namna hiyo huzunguka sokoni duniani pamoja na vizima, na mnunuzi asiyejua herufi hizo hununua hatari kwa bei ya chuma.

Hata pale kazi inapofanywa na fundi halisi, haishii mezani. Uingereza ina nyumba za majaribio London na Birmingham. Ile ya Birmingham ilianzishwa 1813. Bunduki hupigwa huko kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, kisha hukaguliwa na kupigwa muhuri. Ikipasuka, inapasuka mbele ya mashine, si mbele ya shavu la mtu. Ukipita hapo ndipo unapoenda uwanjani. Video nyingi hazionyeshi hatua hiyo kwa sababu haina mvuto.

Sisi watu wa Pwani tuna ushahidi wetu wa silaha ya vipande. Ukienda Fort Jesus utakuta mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Manowari hiyo iliizamisha HMS Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza waliipiga huko, na Julai 1915 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Lakini hawakuiacha. Walitoa mizinga yake 10, wakaikokota mpaka Dar es Salaam, wakaitengenezea magurudumu katika karakana, na ikapiganwa nayo nchi kavu. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo kwa mizinga ya Pegasus, na mmoja wake uko hapohapo Fort Jesus. Basi inawezekana? Ndiyo. Lakini tazama aliyefanya: jeshi, lenye mafundi wake, vipimo vyake na karakana ya chuma, tena katika shida ya vita.

Upande wa pili wa sarafu ni bunduki za Mau Mau. Wapiganaji wa msituni, kwa kukosa silaha, walijitengenezea kwa mabomba ya maji, mbao na vipande vya mpira. Zilitisha, zilisaidia kupata silaha halisi kutoka kwa adui, lakini nyingi zilikuwa hatari kwa aliyezishika kama kwa aliyeelekezewa. Mtu aliyekuwa akipigania ardhi yake alikubali hatari hiyo kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Anayetaka tu kupiga shabaha siku ya mapumziko hana udhuru huo.

Sasa sheria, na hapa ndipo video zinapopoteza watu wetu. Marekani, sehemu inayohesabiwa kisheria kuwa bunduki ni ile bodi. Mtutu, kitako, magazini na skrubu huuzwa na kutumwa kwa posta kama vipuri vya cherehani. Uingereza ni kali zaidi: mtutu na bolti navyo, kwa kuwa vinabeba nguvu ya risasi, vinahitaji cheti. Kenya imekwenda mbali kuliko hao wote wawili. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaposema bunduki inajumuisha pia kipande chochote kinachoiunda. Maana yake, ule mtutu ulioota kutu, au bolti peke yake ndani ya kopo la maziwa, mbele ya hakimu ni bunduki. Kusema "haijakamilika" si utetezi.

Cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, na huhuishwa kila mwaka. Hutolewa kwa mtu fulani kwa silaha fulani, na risasi zake huhesabiwa. Cheti hakirithiwi pamoja na shamba na mbuzi. Mzee akifa, mtoto wake hana haki ya kuendelea kuiweka silaha chini ya kitanda akingoja arubaini ipite. Na fundi wa kutengeneza au kuuza silaha ni yule aliyesajiliwa tu. Fundi wa kuchomelea mageti, hata awe hodari namna gani, akikubali kazi hiyo anajiingiza yeye na wewe katika kesi moja.

Je, hapana njia ya halali ya kuipenda bunduki kuukuu? Ipo. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, lakini mchezo wa shabaha upo. Kuna klabu na kuna viwanja, kama ule wa Stoni Athi. Mtu hujiunga, hufundishwa, huchunguzwa, huomba cheti, na silaha hununuliwa ikiwa nzima kwa muuzaji aliyesajiliwa. Ni njia ndefu na si rahisi kwa mfuko, lakini mwisho wake mtu hulala usingizi.

Naandika haya kwa sababu jambo lenyewe si la mchezo tu. Kitui inapakana na Tana River, kaunti ya Pwani. Sehemu za mashariki na kusini za Kitui zimeona ugomvi wa wakulima na wafugaji wa ngamia, watu wakauawa pande zote. Mahali penye hofu, kila chuma hugeuka tamaa. Mkulima hufikiri akikamilisha bunduki ya gunia atalinda mahindi yake. Mfugaji akisikia habari hiyo, naye hutafuta yake, tena mpya. Novemba 2016 serikali ilichoma zaidi ya bunduki 5,000 haramu kule Ngong. Kila moja kati ya hizo ilianza na mtu mmoja aliyejiambia kuwa yake ni ya kujilinda tu.

Ikiwa basi nyumbani kwenu kuna kipande, fanya hivi. Usikisafishe, usijaribu kukiingizia risasi, wala usikipige picha ya kutuma kwenye kundi. Usikibebe kwenye matatu kukipeleka mjini, maana ukikaguliwa njiani utakuwa mtu aliyekamatwa na silaha, na nia yako njema iko moyoni tu. Zungumza na wakili au mzee wa mtaa unayemwamini, mwarifu chifu au mkuu wa kituo cha polisi, waje wakichukue. Hakikisha limeandikwa katika kitabu cha matukio, upewe nambari ya OB, na uwe na shahidi wa familia. Nishani za babu, picha yake na barua zake ziwekeni. Hizo ndizo kumbukumbu zake, na hazimuui mtu.

Dini yetu haikuchukia kulenga shabaha. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwahimiza maswahaba kujifunza kurusha mishale. Lakini yeye huyohuyo alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha, na akaamrisha anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Tazama vile ustadi na tahadhari vilivyofunzwa pamoja. Anayetaka kimoja bila ya kingine hajajifunza bado, awe yuko Kanyangi juu ya mto au Sabaki chini yake.