Dogi Akijikuna Usisare, Mcheki Viroboto

Manze, kuna hii story huzunguka kwa ploti ati mbwa lazima ajikune, hivyo ndio wao hukuanga. Zii. Dogi mwenye ako fiti hujikuna kiasi, alafu anaendelea na mambo zake. Lakini ukiona yako ameacha dishi ndio ajiume mgongo karibu na mkia, ama usiku mzima anajiramba tumbo hadi manyoya zinang'oka, jua kuna noma. Yeye hana mdomo ya kukushow, so mikono yako ndio itasaka.

Mtoe nje kwa mwanga ya jua, umlaze, mtu amshike kichwa pole pole. Anzia pale mkia inashikana na mgongo, ju hapo ndio base ya viroboto. Panda hadi shingo na nyuma ya masikio, alafu ushuke kwapa, tumbo na katikati ya mapaja. Usipapase juu juu. Fungua manyoya na vidole, kinyume ya vile zimelala, hadi uone ngozi. Kiroboto ni kamdudu ka kahawia, milimita 1 hadi 3, hakana mabawa, na kamebanwa mbavu ndio kapenye kati ya nywele chap chap. Kupe huganda mahali moja akifura. Kiroboto hatulii, so ukiona kitu imepita na hujui imeenda wapi, ni hako.

Mara mob hata mdudu hutamwona. Utaona vidoti nyeusi kwa ngozi, ka pilipili manga imesagwa. Hapa toa tishu nyeupe, uiloweshe maji kiasi, uweke hizo vidoti juu na ungoje. Mchanga itabaki mchanga. Lakini zikianza kuyeyuka na tishu ishike rangi nyekundu ya kutu, hayo ni mavi ya kiroboto, na hiyo rangi ni damu ya dogi yako. Hapo hakuna kubishana. Chukua kitana ya meno zimekaribiana, mchane, alafu uichovye kwa maji ya sabuni kila mara ndio wazame. Kuwafinya na vidole ni kujichosha, wako na gamba ngumu na wataruka tu.

Ka ni kapapi, inua mdomo ucheki ufizi. Ikiwa imekuwa nyeupe, ameishiwa damu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo, usingoje wikendi. Mbwa pia akimeza kiroboto akijiuma anaweza shika minyoo ya tegu, so ukiona vipande vidogo nyeupe zinasonga chini ya mkia, mwambie daktari.

Sasa hapa ndio wasee wengi huanguka: wanaosha mbwa alafu wanasahau keja. Kiroboto wa kike anaweza taga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na hayo mayai hayakai kwa mbwa. Yanaanguka kwa mkeka, kochi, gunia yenye analalia na nyufa za sakafu. Wenye unaona kwa manyoya ni wachache sana, jeshi kubwa iko chini. Wengine hujifungia kwa kifuko wakingoja miezi hadi mnyama apite. So fua matandiko na maji moto, fagia kona zote, na utibu wanyama wote wa ploti mara moja, tena na tena vile daktari amesema.

Na mafuta taa, tafadhali, achana nayo kabisa. Inachoma ngozi, na akijiramba inaingia ndani. Dawa ya kuogesha ng'ombe pia usimpake kwa kukisia, anaweza dedi. Ukifika agroveti, sema kilo zake, umri, na ka kuna paka kwa ploti, ju dawa kadhaa za mbwa ziko na permethrin na hiyo inaua paka. Leo jioni kabla umfungulie, shika tishu na umcheki pale kwa mkia.